Jukwaa

Siku hizi ukitaja "jukwaa" mjini Machakos, wengi huwaza mkutano wa siasa au mtandao wa intaneti. Mimi nalipenda kwa maana yake ya awali: mahali palipoinuliwa ili anayesema aonekane na asikike.

Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, walijijengea jukwaa lao la wazi. Vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu wakaigiza *Ngaahika Ndeenda*, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Katika mazoezi waliwasahihisha waandishi wenyewe: mzee hazungumzi namna hii, kazi ya kiwandani haiendi hivyo. Novemba serikali ikafuta kibali cha maonyesho. Mwishoni mwa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Mwaka 1982 polisi walilibomoa jukwaa lile. Kumbe mbao nazo huogopwa!

Kule California, mwaka 1965, mwandishi wa tamthilia Luis Valdez aliwakusanya wavuna zabibu waliogoma, wakaigiza juu ya lori kando ya mashamba. Hilo nalo ni jukwaa kamili, na malori Machakos tunayo.