"Utajulikana" Hailipi Nauli: Pesa ya Bendi Ndogo Ilienda Wapi?

Wasee, kuna neno moja ambalo kila bendi ndogo Nairobi imeshawahi kuambiwa na promota: "Utajulikana." Tamasha ni kubwa, kamera zipo, mdhamini amebandika jina lake hadi kwenye milango ya vyoo, lakini pesa ya bendi yenu ya watu watano ndiyo haipo. Njooni mcheze saa nane mchana, jua la utosi, watu wakiwa bado kwa laini ya tiketi. Mtajulikana.

Na wengi tunakubali kwa sababu tumeambiwa ati muziki wa bendi haujawahi kulipa huku kwetu. Hapo ndipo nakataa. Nimeifuata hii historia kwa miezi kadhaa sasa, na kitu kimoja kinajirudia kila mahali: bendi ililipwa pale ilipokuwa karibu na mkono unaotoa pesa. Kila mtu aliyeongezeka kati ya msikilizaji na mpiga gitaa alikatia chake. Na tamasha ndilo lililoweka watu wengi zaidi hapo katikati.

Twende Pwani kwanza. Mwanzoni mwa karne iliyopita Mombasa ilikuwa na vikundi vya beni, Kingi na Scotchi, ambavyo vilishindana mitaani kwa tarumbeta, ngoma, sare na maandamano. Hakukuwa na promota wala mdhamini. Wanachama walichanga wenyewe, vyombo vikanunuliwa, karamu ikapikwa, na sifa ikabaki mtaani. Ilikuwa bendi ya watu wake kabisa.

Halafu angalia taarab, hasa ya harusini. Mwenye harusi anakubaliana na kikundi bei yao, sawa. Lakini shoo ikianza kuna pesa ya pili, ile ya kutuza. Mwimbaji akifika kwenye ubeti unaomgusa mtu, labda unamsema mke mwenza au jirani mwenye mdomo, mama anainuka kwenye kiti, anacheza polepole hadi mbele, noti iko juu hewani kila mtu aione, anampa mwimbaji mkononi, anarudi kukaa. Wakati mwingine hata hajamalizia kukaa, mwingine ameshainuka kumjibu. Watu kama Zuhura Swaleh na Maulidi Juma walijengea majina yao katika huo ulimwengu wa harusi na kanda za kaseti za Mombasa. Fikiria vile huo mfumo ulivyo mkali: unaimba, umeguswa, unalipa, papo hapo. Hakuna kuambiwa "tutumie invoisi." Na mwimbaji anajua usiku uleule ni wimbo gani unaleta pesa na ni upi watu wanausikiliza tu huku wakila.

Miaka ya 70 watalii wakajaa Pwani, na hoteli za ufukweni zikahitaji muziki. Si mara moja kwa mwaka, usiku baada ya usiku. Hiyo ilibadilisha kila kitu. Them Mushrooms, kundi la Teddy Kalanda Harrison na ndugu zake, lilianza 1972 na likakomaa likipiga kwenye hoteli hizo. Mombasa Roots nao walipita njia hiyo. Kwa bendi, mkataba wa hoteli ulimaanisha kitu ambacho leo ni ndoto: unajua mwisho wa mwezi unapata ngapi, kwa hivyo unaweza kulipa rent, kununua nyuzi za gitaa na kufanya mazoezi bila kukimbia kutafuta kibarua kingine.

Ilikuwa na bei yake, usinielewe vibaya. Anayelipa ndiye anayechagua wimbo. Mgeni wa hoteli hataki falsafa zako, anataka kitu anachoweza kuimba kabla ya kurudi Ulaya. Jambo Bwana, iliyotoka 1982, ni mtoto halisi wa huo mkataba: maneno machache ya Kiswahili ya salamu, mepesi, mgeni anayashika kwa dakika tatu. Watu wa rika letu wanaicheka, wanaiona ya kitalii sana. Mimi naiheshimu. Bendi ilisoma nani ana pesa kwenye chumba na ikamwandikia wimbo. Mwaka uliofuata Boney M wakatoa yao, na sa hii wimbo unajulikana dunia nzima na watu wasiojua hata Mombasa iko wapi.

Ukivuka Lunga Lunga unakuta jaribio lingine, na hili kwangu ndilo tamu zaidi. Tanzania baada ya uhuru ilifanya bendi kuwa kazi ya mshahara. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha NUTA Jazz, na wanamuziki wakawa waajiriwa. Bendi hiyo ikabadilisha jina kila chama kilipobadilika, JUWATA, OTTU, hadi tunayoiita Msondo Ngoma. Jeshi lilikuwa na bendi, polisi walikuwa na bendi, umoja wa vijana wa chama ulikuwa na Vijana Jazz. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya uchukuzi na teksi, kisha 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, ndiyo maana ikaitwa DDC Mlimani Park. Yaani buda, kampuni ya teksi ilikuwa na orkestra!

Lakini vyombo vilikuwa vya mwajiri. Gitaa si lako, spika si zako, jina la bendi pia si lako. Ukiondoka unaondoka na sauti yako tu. Kwa hivyo silaha pekee ya mwanamuziki ilikuwa kuhama, na walihama kweli. Mwaka 1985 Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, aliwachukua wanamuziki kadhaa wa Mlimani Park kwa mpigo, akiwemo mzee Muhiddin Maalim Gurumo, ambaye naye alikuwa ametoka NUTA kuja Mlimani 1978. Ni kama dirisha la usajili la mpira. Na kama kwenye mpira, wenye timu wakishindana, mchezaji ndiye anayefaidi. Hilo ndilo somo tulilolipoteza: wenye pesa walikuwa wengi na wanamuziki wazuri wachache, kwa hivyo bei ilipanda. Kwenye matamasha yetu ni kinyume. Jukwaa ni moja, na bendi zilizotuma maombi ni mia.

Upande wetu, Nairobi ya miaka hiyo iliendeshwa na baa. Ndugu Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga, wakapita Arusha, 1971 wakaingia Mombasa na hapo Simba Wanyika ikaanza, kisha wakahamia Nairobi. Mwaka 1978 wenzao kadhaa wakajitoa na kuunda Les Wanyika. Bendi kama hizi ziliishi kwa kupiga klabu ileile wiki nzima. Mpango uliozoeleka ulikuwa rahisi hadi unauma: kiingilio cha bendi, bia za mwenye baa. Unamweka binamu yako mlangoni, unahesabu vichwa. Watu mia mbili wameingia? Unajua kabisa usiku huu mmevuna ngapi, na mwenye baa hawezi kukudanganya kwa sababu hakugusa hiyo pesa. Yeye ana furaha kwa sababu watu wanaocheza wana kiu. Kulikuwa na usiku mbaya pia, mvua ikinyesha mnagawana nauli. Ila mlijua ni mvua.

Kisha disko ikaja, na DJ mmoja na masanduku yake ya sahani akawa nafuu kuliko watu tisa wenye njaa. Klabu zikapunguza bendi. Sitakaa hapo sana, hiyo sehemu kila mzee wa muziki anaijua na anaisimulia kwa hasira.

Matamasha tunayoyajua sisi yalianza kujaza hilo pengo baada ya 2000. Sauti za Busara, Zanzibar, ilifanyika mara ya kwanza Februari 2004, na nitaitetea popote: wanataka muziki uchezwe moja kwa moja, si kuimba juu ya CD, na vikundi vya hapa vinasimama jukwaa moja na wageni ndani ya Ngome Kongwe. Lakini angalia kilichotokea 2016. Tamasha la mwaka huo lilifutwa. Watu hawakukosa hamu. Fedha za wafadhili ndizo hazikutosha. Likarudi 2017. Tamasha lenye jina dunia nzima, lenye mashabiki wanaopanda ndege kulifuata, linaweza kukosa mwaka mzima kwa sababu tiketi peke yake haziwezi kulibeba. Hapo ndipo unaelewa kwamba msikilizaji si yeye tena anayelipa bendi. Anayelipa ni mtu aliye ofisini mahali fulani, ambaye huenda hajawahi kusikia wimbo wenu hata mmoja.

Sasa fuata shilingi ndani ya tamasha la kawaida la huku kwetu. Pesa ya mdhamini inaingia. Staa mkubwa analipwa kwanza, sehemu mbele na iliyobaki kabla hajapanda stejini, kwa sababu ana meneja na meneja ana mdomo. Jukwaa, spika, taa na jenereta zinalipwa mapema, la sivyo lori haliji. Halafu ulinzi, leseni, mabango. Bendi ndogo iko mwisho wa foleni, na ndiyo pekee itakayocheza kabla ya kulipwa. Kwa nini? Kwa sababu ndiyo pekee iliyo tayari. Mwenye jenereta hawezi kuambiwa atajulikana.

Nilipoacha campo nilikaa karibu miaka miwili nikibeba vyombo na kujibu simu za bendi moja ya marafiki zangu. Kuna tamasha la kaunti, sitalitaja, lilituahidi elfu arobaini. Tulikodi gari wenyewe, tukacheza nyimbo nne badala ya nane kwa sababu ratiba ilichelewa. Kisha nikaanza safari ya ofisi: leta barua, leta nambari ya KRA, leta LPO, aliyesaini yuko likizo. Baada ya miezi minane ilikuja elfu kumi na tano, bila maelezo. Mpiga besi wetu alikuwa ameshauza amp. Sa hii anauza vifuniko vya simu Githurai na hataki kusikia habari za muziki, na alikuwa bora kuliko wote tuliokuwa nao.

Promota akibanwa hupenda kukupa mfano wa Woodstock, ile ya Marekani ya 1969. Ati Santana walikuwa hawajulikani, wakapanda pale, wakatoka mastaa. Ni kweli hawakuwa wanajulikana sana, albamu yao ya kwanza ilitoka mwezi uleule. Lakini huyo promota hukatiza hadithi. Santana waliingizwa pale na Bill Graham, promota mzito wa San Francisco aliyewapigania, na walilipwa. Kwa hesabu zilizokuja kuripotiwa, walipata dola 750, na Jimi Hendrix dola 18,000. Pengo ni la kuchekesha, sawa. Ila hata pale, kwa bendi isiyo na albamu, bei ilikuwepo. Na kilichowatangaza zaidi ni filamu iliyotoka 1970, iliyozunguka majumba ya sinema. Tamasha lako la Jumamosi lina filamu? Lina mtu wa kuwapigania kama Graham?

Na usiniambie mirabaha itafidia. Mwaka 2019 MCSK iligawa pesa na wanamuziki wakapata Sh2,530 kila mmoja. Hiyo ni seti mbili tatu za nyuzi, basi.

Kuna waliosoma hii hesabu mapema. Muthoni the Drummer Queen, mwanamuziki mwenyewe, alianzisha Blankets and Wine mwaka 2008. Wengi tunaikumbuka kwa mashuka kwenye nyasi na picha za Instagram, lakini kitu alichofanya ni cha zamani kabisa: mwanamuziki alirudi kukaa mlangoni. Yeye ndiye aliyeuza tiketi, yeye ndiye aliyechagua nani apande.

Na bendi kadhaa ndogo ninazozijua zimeanza kufanya hivyo kwa kipimo chao. Wanachukua mkahawa wenye viti sitini siku ya Jumatano, siku ambayo mwenyewe hana wateja, wanamwambia chakula ni chako, kiingilio ni chetu. Mpango uleule wa Nairobi ya 1978, hawajui hata kama ni wa zamani. Wengine wanaandika nambari ya till ya M-Pesa kwenye karatasi na kuibandika mbele ya dramu. Wiki mbili zilizopita nimemwona dada mmoja akiguswa na wimbo wa mapenzi yaliyovunjika, akainuka, akacheza hadi mbele, akatuma mia tano huku akimwangalia mwimbaji machoni, simu iko juu watu waone. Meza ya pili wakainuka kumjibu.