Msitu ni Amana: Habari za Kaya Kinondo na Matembezi ya Mafunzo



Mwaka huu tumeona yafaa kuweka katika kitabu chetu habari za Kaya Kinondo, msitu mdogo ulio Kwale, kandokando ya bahari, kusini ya Diani. Msitu huo hauzidi ekari 75 hivi, yaani hekta 30. Lakini ndani yake wenyeji hutembeza wageni, wakubwa kwa wadogo, na kuwafundisha habari za miti na za mababu papo hapo chini ya miti yenyewe. Twaona jambo hilo lina faida kwetu sote, hata tulio mbali na Kwale.

Wazee wa Mijikenda husimulia kwamba mababu zao walitoka Singwaya, upande wa kaskazini, wakashuka pwani kwa kukimbia vita. Tangu karne ya 16 walijenga miji ndani ya misitu minene, aghalabu juu ya vilima, wakaizungushia boma. Njia za kuingilia zilikuwa chache na zilijulikana. Ndani ya mji walizika fingo, ndiyo kinga yao, na palikuwapo mahali pa wazee kukutana na kukata mashauri. Msitu ndio uliokuwa ukuta wa mji. Aliyekata mti ovyo aliubomoa ukuta wa watu wote. Ndiyo maana miiko ya kaya ilikuwa mikali, na kila mtoto aliijua kabla hajajua kulima.

Nguvu ya kaya hata Waingereza waliitambua. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama wakala kiapo katika kaya yao kuu ya kukataa amri za wageni, na mwaka 1914 serikali ya kikoloni ikaipiga kaya hiyo kwa baruti. Hata hivyo Wagiriama hawakuiacha heshima yake. Pole pole watu wa makabila yote tisa walihama wakaenda kulima mashamba ya nje, na kufikia miaka ya 1940 kaya hazikuwa tena makao ya watu. Yalibaki makaburi, njia, na wazee waliorudi kuomba dua.

Ndipo ikaja hatari nyingine, nayo haikuwa na baruti. Bei ya ardhi ya pwani ilipanda, mahoteli yakajengwa, na mbao zikatafutwa kila mahali. Mwaka 1992 Serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa, na Makumbusho ya Taifa yakaanzisha idara ya kuhifadhi misitu ya pwani. Wataalamu wa mimea walikuwa wamekwisha kuona kwamba misitu hiyo midogo imehifadhi miti ambayo ni adimu mahali pengine. Mwaka 2008 shirika la UNESCO likaziandika baadhi ya kaya, Kinondo ikiwa miongoni mwao, katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2009 likaandika pia mila za kaya katika orodha ya mambo yanayohitaji kuokolewa kwa haraka. Tuitazame vema tofauti ya orodha hizo mbili: ya kwanza yasema msitu ni hazina, na ya pili yasema kwamba elimu ya msitu inakufa.

Watu wa Kinondo walianza matembezi yao mwaka 2001. Mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni, huvua kofia, kisha hufuata njia nyuma ya kiongozi, ambaye ni mwenyeji. Huonyeshwa miti, akaambiwa jina la kila mmoja, dawa yake na mwiko wake. Hukatazwa kuchukua kitu chochote, hata kijiti kikavu. Juu huwaona mbega na kima. Malipo ya matembezi husaidia mambo ya jamii, na hivyo kijana aonaye faida ya msitu uliosimama hatamani kuuza kuni zake.

Lakini faida kubwa kuliko fedha ni kwamba elimu hutolewa mchana, mbele ya kila mtu. Twasema hivi kwa huzuni, kwa maana huko Kilifi katika miaka hii wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingine washukiwa walikuwa na mvi tu na kujua dawa. Mtoto asiyefundishwa jina la mti huogopa mti, na mwisho humwogopa amjuaye. Mtoto aliyetembea msituni na babu yake, akaonyeshwa mbambakofi na mvule, akaelezwa kwa nini haukatwi, hawezi kudanganywa kwa urahisi kwamba babu huyo ni adui.

Sheria yaweza kumzuia mtu mwenye shoka. Haiwezi kumwambia mjukuu kwa nini shoka lizuiwe. Kazi hiyo ni ya wazee, nao wanapungua kila mwaka.

Kwa hiyo twawaomba wanachama, hasa wakaao mijini, kwamba wanapokwenda makwao likizo ya shule wawapeleke watoto kwa wazee, wakatembee nao msituni, mtoni au hata kwenye kichaka cha nyuma ya nyumba. Na mtoto ajuaye kalamu na aandike majina ya miti jinsi mzee ayatamkavyo. Wazee nao twawasihi wasichoke na maswali. Ardhi tuliachiwa amana pamoja na maneno yake. Tukikabidhi ardhi bila maneno, tutakuwa tumekabidhi nusu.

Mungu audumishe umoja wetu.