Kalemie: Reli, Kitabu na Jembe katika Ufukwe wa Magharibi wa Tanganyika

Kalemie, makao makuu ya jimbo la Tanganyika tangu jimbo hilo lilipotengwa na Katanga mwaka 2015, umejengwa kwenye ufukwe wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, karibu na mahali ambapo mto Lukuga, mto pekee unaotoa maji ya ziwa hilo, unaanza safari yake kuelekea Lualaba. Historia ya mji huu huandikwa mara nyingi kama historia ya bandari na reli. Makala haya yanautazama mji pamoja na vijiji vyake kwa maswali matatu yanayokwenda pamoja: nani alifanya kazi ya mshahara, nani alijifunza kusoma na kuandika, na nani alilima chakula kilichowalisha wote. Majibu yake yanaonyesha kwamba kazi, shule na kilimo vilisimamiwa na mamlaka tofauti kwa malengo tofauti, na kwamba mkulima, ambaye wote walimtegemea, ndiye aliyepata sehemu ndogo kuliko wengine katika mshahara na katika shule.

Katika nchi nyingine maswali hayo hujibiwa kwa majedwali. Nchini India, kwa mfano, sensa huigawa nguvukazi ya kila wilaya ya vijijini katika wakulima wa mashamba yao, vibarua wa mashamba ya wengine, wafanyakazi wa viwanda vya nyumbani na wafanyakazi wengineo, kisha huwahesabu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wanaoweza kusoma na kuandika kwa kuelewa. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi ya Kalemie, ilifanya sensa yake ya mwisho mwaka 1984, ilipoitwa Zaire, na kwa hiyo hali ya vijiji vya Kalemie haina budi kusomwa katika historia yao.

Nchi ya misafara na misheni

Kabla ya utawala wa Wabelgiji, ufukwe huu ulikaliwa na Waholoholo, na kusini kwao Watabwa, huku Waluba na Wahemba wakienea upande wa magharibi hadi bonde la Lualaba, na Batwa, jamii ya wawindaji na waokota mazao ya mwitu, wakiishi katika misitu iliyo kati ya majirani hao. Mtoa, kituo cha misafara kilichokuwa ng'ambo ya Ujiji, kiliunganisha njia ya biashara iliyotoka Bagamoyo na ile iliyokwenda Kasongo na Nyangwe, katika nchi ya Maniema. Kwa njia hiyo vilipita vitambaa, shanga, pembe za ndovu na watumwa, na kwa njia hiyo hiyo Kiswahili kikakita mizizi magharibi mwa ziwa. Misafara ilihitaji chakula, na vijiji vilivyokuwa vikilima kwa ajili ya kaya na kwa ajili ya wazee wa ukoo vikaanza kulisha wapita njia. Lakini uvamizi wa kukamata watumwa uliwaondoa wakulima katika mashamba yao, ukayafanya maeneo mapana kuwa mapori.

Wamisionari wa Kiprotestanti wa London Missionary Society walifika Mtoa mwaka 1879. Mwaka 1883 Luteni Émile Storms, aliyetumwa na chama cha Mfalme Leopold II, alianzisha kituo cha Mpala, ambacho mwaka 1885 kilikabidhiwa Mapadre Weupe, yaani shirika la Wamisionari wa Afrika lililoundwa na Kardinali Lavigerie. Mwishoni mwa mwaka 1891 Kapteni Jules Jacques, aliyeongoza msafara wa chama cha Ubelgiji cha kupinga utumwa, alijenga ngome aliyoiita Albertville kwa heshima ya Mwanamfalme Albert, na mwaka uliofuata ngome hiyo ilizingirwa na watu wa Muhammad bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, mfanyabiashara mkuu wa Ujiji. Waliokuwa wakikimbia vita na utumwa walikusanyika kuzunguka ngome na misheni, wakapewa ardhi ya kulima chini ya ulinzi wa Wazungu. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa utaratibu ambao mkulima alipata usalama kwa sharti la kutoa kazi yake na mavuno yake kwa wenye mamlaka.

Reli na watu wa kambi

Kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, iliyojulikana kwa kifupi kama CFL, iliundwa mwaka 1902. Reli yake kutoka Kabalo, kando ya Lualaba, ilifuata bonde la Lukuga kwa kilomita 273 na kufika ziwani Albertville, Kalemie ya leo, mwaka 1915, mwaka mmoja baada ya reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam kufika Kigoma. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaigeuza bandari hiyo changa kuwa kituo cha kijeshi: boti mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, zilishushwa majini hapo Desemba 1915, na majeshi ya Wabelgiji yaliyouteka mji wa Tabora mwaka 1916 yalitegemea wapagazi wengi waliochukuliwa vijijini, ambao kuondoka kwao kuliyaacha mashamba bila mikono ya wanaume. Mwaka 1921 Ubelgiji ilipata kwa mkataba na Uingereza haki ya kutumia bandari za Kigoma na Dar es Salaam, na Albertville ukawa mlango wa mashariki wa koloni.

Viwanda viliifuata reli. Makaa ya mawe yalichimbwa katika bonde la Lukuga, mahali palipoitwa Greinerville na ambapo leo huitwa Makala. Saruji ilitengenezwa Kabimba. Na mwaka 1946 ilianzishwa Filtisaf, kiwanda cha kusokota nyuzi na kufuma nguo, ambacho kwa miongo kadhaa kilikuwa mmoja wa waajiri wakubwa wa mji. Baadaye umeme ulitoka kwenye maporomoko ya mto Kiyimbi, huko Bendera, kaskazini mwa mji.

Wafanyakazi wa shughuli hizo zote walitoka vijijini, na wengi wao hawakutoka kwa hiari kamili. Kodi ya kichwa, iliyodaiwa kwa fedha taslimu, ilimlazimu kijana kutafuta mshahara, na ofisi ya kuandikisha wafanyakazi iliyoitwa Bourse du Travail du Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1910, iliwatafuta vijana hao hao kwa ajili ya migodi ya shaba ya kusini. Mfanyakazi alikaa kambini, yaani katika nyumba za mwajiri zilizopangwa kwa safu, chini ya kapita, yaani msimamizi, na pamoja na mshahara alipewa posho, mgawo wa chakula uliokuwa hasa unga, samaki na mafuta. Posho hiyo ndiyo iliyoifunga kambi na kijiji, kwa sababu unga ulitoka katika mashamba ya vijiji ambavyo vilikuwa vimekwisha kupoteza vijana wao.

Kitabu cha misheni

Wakati kampuni zikitafuta mikono, misheni zilitafuta wasomaji. Mapadre Weupe walifuata kanuni ya Lavigerie iliyomtaka mtu afundishwe dini kwa muda wa miaka minne kabla ya kubatizwa, na mafundisho hayo, yaliyotolewa kwa Kiswahili, yaliwapa vijana wengi wa ufukweni mlango wa kwanza wa kusoma. Chini ya Askofu Victor Roelens vituo vya Mpala na Baudouinville, mji ambao sasa unaitwa Kirungu na uko katika Moba, vilikuwa na shule, karakana na seminari. Katika mazingira hayo alilelewa Stefano Kaoze, mzaliwa wa nchi ya Marungu, ambaye mwaka 1917 alipewa upadre na kuwa Mkongo wa kwanza kupadrishwa katika Kanisa Katoliki wakati wa ukoloni. Kaoze alikuwa pia mmoja wa Wakongo wa kwanza kuchapisha maandishi yao katika majarida ya Ubelgiji.

Mafanikio hayo ni ya kweli na yanastahili heshima, lakini mipaka yake ilikuwa wazi. Serikali ya kikoloni iliziachia misheni za Kikatoliki sehemu kubwa ya elimu, ikazipa ruzuku kuanzia miaka ya 1920, na shule za kidunia za serikali kwa ajili ya watoto wa Kiafrika zikaanza kufunguliwa mwaka 1954 tu. Shule ya kijijini, iliyokuwa mara nyingi chini ya katekista mmoja, ilifundisha kusoma, kuhesabu, dini na kazi za mikono. Waliosonga mbele wakawa makarani wa reli, wasaidizi wa zahanati, walimu na mapadre, na karibu wote walikuwa wavulana. Elimu iliyo bora ilikuwa njia ya kutoka shambani. Msichana, ambaye ndiye angelima maisha yake yote, alifundishwa kidogo, na kalamu haikurudi shambani ili imsaidie mkulima kupima mazao yake, kusoma bei ya mnunuzi au kuweka hesabu ya deni.

Pamba na muhogo

Mkulima alikutana na serikali kwa njia ya amri. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni iliweka kilimo cha lazima, utaratibu uliompa ofisa uwezo wa kuitaka kila kaya ilime zao fulani kwa kiasi fulani, na kwa muda uliofikia siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kikomo hicho kilipandishwa hadi siku 120. Katika nyanda za Kongolo na Kabalo zao hilo lilikuwa pamba. Kwa sheria ya mwaka 1921 kila kampuni ya pamba ilipewa eneo ambamo ilikuwa mnunuzi pekee, na mkulima hakuwa na soko la pili la kupeleka mzigo wake. Aliyekataa kulima alitozwa faini, alifungwa au alichapwa fimbo.

Karibu na ziwa amri zilihusu zaidi chakula, hasa muhogo, unaovumilia udongo duni na unaoweza kubaki ardhini kama akiba dhidi ya njaa. Kuugeuza uwe unga ni kazi ndefu: mizizi humenywa, huloweshwa kwa siku kadhaa ili kuondoa sumu, huanikwa, kisha hutwangwa au kusagwa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa ya wanawake, na haikuandikwa katika daftari lolote la mwajiri, ingawa bila hiyo kambi za reli na za makaa zisingekuwa na posho. Nguvukazi iliyohesabiwa ilikuwa ile ya wanaume wenye mshahara. Nguvukazi iliyowalisha ilibaki nje ya hesabu.

Kuporomoka kwa viwanda

Uhuru wa mwaka 1960 ulifuatwa na miaka ya misukosuko. Albertville ulikuwa makao ya jimbo la Katanga Kaskazini, na Juni 1964 uliangukia mikononi mwa waasi wa Simba walioongozwa na Gaston Soumialot. Rais wa jimbo, Jason Sendwe, aliuawa humo, na mji ukarudi kwa serikali kabla ya Agosti kwisha. Baadaye ulipewa jina la Kalemie. Viwanda viliendelea kwa muda, lakini utaifishaji wa mwaka 1973, kushuka kwa thamani ya fedha na kuchakaa kwa reli vilivimaliza nguvu, na Filtisaf ikasimama katika miaka ya 1990. Pamba ya Kongolo na Kabalo ikapoteza mnunuzi wake wa karibu. Vita vilivyoanza Agosti 1998, ambavyo mapema viliuweka mji chini ya waasi wa RCD, vikaikata zaidi njia ya reli iliyokuwa ikileta mahindi, mafuta ya mawese na karanga kutoka bara.

Waliopoteza mshahara walirudi kwenye kazi ambazo hazikuwahi kuacha kuwalisha. Wengine walichukua jembe pembezoni mwa mji, na wengine wakaingia ziwani, ambako mitumbwi huvua dagaa usiku kwa mwanga wa taa, nao wanawake huwaanika na kuwauza hadi bara. Kalemie ukawa mji wa kilimo na uvuvi wenye magofu ya viwanda katikati yake.

Ardhi, Batwa na shule ya leo

Udhaifu wa msingi huo wa kilimo ulionekana katika mapigano ya Batwa na Waluba, yaliyoanza mwaka 2013 na kuongezeka tangu 2016 katika maeneo ya Nyunzu, Manono, Kabalo na Kalemie. Batwa wengi, waliokuwa wakipoteza misitu yao, walikuwa wamegeuka vibarua wa mashamba ya majirani zao kwa ujira mdogo, bila ardhi inayotambuliwa, bila nafasi katika utawala wa kimila, na watoto wao wakiwa nadra kuonekana shuleni. Madai yao yalihusu hasa kazi, ardhi na elimu. Vijiji vya pande zote mbili vilichomwa, mamia ya maelfu ya watu wakahama, na kambi za wakimbizi wa ndani zikazunguka Kalemie, zikiwa na wakulima wasioweza kufika kwenye mashamba yao wakati wa kupanda. Kwa wakazi wa ufukweni yaliongezeka mafuriko ya ziwa, yaliyofunika nyumba na barabara za mji mwaka 2021 na tena mwaka 2024.

Serikali ilitangaza elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma tangu mwaka wa masomo wa 2019, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaruhusu lugha za taifa, Kiswahili kikiwamo, kutumika katika kufundishia. Hatua hizo zinafungua njia, lakini historia ya Kalemie inaonya kwamba shule inayomtenga msomaji na shamba itaendelea kuwaacha wanaolisha mji nje ya manufaa yake. Kisomo cha watu wazima kwa Kiswahili kinachofuata kalenda ya kilimo, nafasi za shule kwa watoto wa Batwa na wa wakimbizi, haki ya ardhi iliyoandikwa kwa lugha ambayo mkulima anaisoma mwenyewe, na sensa inayomhesabu mwanamke mwenye jembe kuwa mfanyakazi kamili ni mambo yanayotegemeana. Reli ya CFL iliyatenganisha yote hayo kwa faida ya wengine, na jimbo la Tanganyika halitajengeka upya mpaka kazi, kitabu na jembe virudi mikononi mwa watu wale wale.