Safu ya Lugha: Kichocheo

Kwenye semina za uzamili na uzamivu za uhandisi wa kemikali, neno hili halikosekani. Limetokana na kuchochea, yaani kusukuma kuni jikoni moto uwake. Wanakemia wamelitwaa, tena vizuri sana, kutaja kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuliwa. Katika njia ya Haber na Bosch, iliyoanza kazi kiwandani Oppau, Ujerumani, mwaka 1913, punje za chuma huharakisha naitrojeni na haidrojeni kuungana kuwa amonia, malighafi ya mbolea ya urea. Kuni huisha; chuma hubaki, ingawa salfa hukidhoofisha. Tasnifu nyingi huchunguza udhaifu huo. Mtafiti, ukiwasilisha kazi yako kwa Kiswahili, sema kichocheo, usikimbilie katalisti.