Kuta za Karema na Mikono Iliyozikanda

Hapa Rwambuzi, Bunia, ukiuliza nyumba ya zamani ya matofali ni kazi ya nani, utajibiwa kabla hujamaliza swali: ya Wabelgiji. Jibu hilohilo hutolewa kuhusu ngome ya Karema, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, leo nchini Tanzania. Nachagua kulipinga hukohuko Karema, kwa kuwa ndiko Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, aliyoianzisha Mfalme Leopold wa Pili mwaka 1876, ilikofungua kituo chake cha kwanza.

Majina ya wakubwa wa kituo yanajulikana. Cambier alifika Agosti 1879. Ramaeckers akafia hapo Februari 1882. Wakafuata Becker na Storms. Becker aliacha juzuu mbili nene za kumbukumbu zake za Afrika, zilizochapwa 1887. Lakini Wazungu hao walikuwa wachache mno, na homa iliwaangusha mmoja baada ya mwingine. Nani basi alikanda udongo?

Tazama fundi wa matofali akiwa kazini. Udongo unamwagiwa maji, unachanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa, unakanyagwa kwa miguu mpaka ushikamane. Kisha kalibu ya mbao inaloweshwa, tope linapigwa ndani kwa nguvu lisibaki na hewa, linasawazishwa kwa kiganja, kalibu inanyanyuliwa. Tofali bichi linaachwa juani, linageuzwa, linaachwa tena. Neno kalibu ni la Kiarabu. Halikuletwa na mtu kutoka Brussels. Misafara ya Wabelgiji iliajiri wangwana wa Unguja na wapagazi wa Kinyamwezi, watu waliozifahamu tembe za Tabora: kuta nene za udongo, vyumba vimezunguka ua, mlango mmoja wa kulindwa. Mimi naiona ngome ya Karema kuwa tembe iliyopewa kazi ya kijeshi. Wanaoiita mfano wa ujenzi wa Ulaya hawajaieleza, wameibandika jina tu.

Joseph Thomson, Mskoti aliyepita 1880, aliidharau Karema kwa mahali ilipowekwa. Simpi uzito mkubwa. Ziwa lilikuwa limeanza kushuka baada ya maji kujifungulia njia kupitia mto Lukuga miaka ya 1870, ufuko ukawa unaikimbia nyumba. Fundi hakosi kwa sababu ziwa limehama.

Mwezi Mei 1883 Storms alivuka ziwa akajenga kituo cha Mpala, upande wa Kongo. Desemba 1884 watu wake walimuua mtawala Lusinga, na fuvu lake Storms akalipeleka Ubelgiji. Hayo lazima yasemwe kila panaposifiwa majengo yake. Mwaka 1885 Leopold, ambaye sasa alikuwa ameuelekeza moyo wake kwenye mto Kongo, aliwaachia Wamisionari wa Afrika vituo vyote viwili. Karema ikaangukia upande wa Wajerumani.

Hesabu basi: kutoka 1879 hadi 1885 Wabelgiji walikaa Karema miaka sita tu; baada yao kuta zilihitaji mikono mingine. Ukuta wa matofali mabichi hauishi kwa sifa za aliyeuamuru. Mvua ikipenya juu, tope linarudi kuwa tope. Maji yakitulia chini, msingi unaliwa. Mchwa hawangoji ruhusa. Kila kiangazi lazima mtu apande ngazi atazame paa, mwingine akande udongo mpya, apige lipu upya mahali palipochubuka. Wakati wa wamisionari hao, Adrien Atiman, mzaliwa wa karibu na Timbuktu aliyeuzwa utumwani utotoni, akakombolewa na kusomea utabibu Malta, alifika Karema 1889 akatibu watu hapo mpaka alipofariki 1956. Katika miaka hiyo yote, wenyeji wa Karema ndio waliokuwa wakibeba maji kutoka ziwani, ambalo kila mara lilikuwa mbali kuliko siku msingi ulipochimbwa, na kuyamwaga juu ya udongo wa lipu.