Maudhi Madogo kwa Nani? Homoni za Kupanga Uzazi na Wasiwasi wa Nafsi, Tukitazama kutoka Ngaremara

Katika vituo vya afya vya Tanzania kuna msemo ambao wauguzi huutumia wanapomweleza mama njia za kupanga uzazi: maudhi madogo madogo. Ndani ya msemo huo hutiwa kichefuchefu, kuumwa kichwa, hedhi kuvurugika, kunenepa, na mwishoni kabisa, kwa haraka, mabadiliko ya hisia. Kenya msemo huo hausikiki sana. Huku husemwa madhara tu. Lakini mpangilio ni uleule, na nafsi huja mwisho. Makala haya yanahoji udogo huo. Ni nani aliyeupima, na aliupima kwa mizani gani?

Nauliza nikiwa na Ngaremara akilini, wadi ya Isiolo iliyo kando ya barabara ya A2 kuelekea Archer's Post, ambayo wakazi wake wengi ni Waturkana wafugaji. Misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosa kunyesha ipasavyo kaskazini mwa Kenya kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, na mifugo ikafa. Wizi wa mifugo nao umeziliza familia nyingi za eneo hilo. Mwanamke wa hapo akisema usiku halali na moyo unamwenda mbio, sababu za kumwamini ni nyingi hata kabla ya kufikiria homoni. Ndiyo maana swali hili ni gumu, na ndiyo maana halifai kuachwa.

Ushahidi unaotajwa zaidi duniani unatoka Denmark. Mwaka 2016, Charlotte Wessel Skovlund na wenzake walichapisha uchunguzi uliowafuatilia wanawake zaidi ya milioni 1 wenye umri wa miaka 15 hadi 34. Waliomeza vidonge vyenye homoni mbili walianza dawa za sonona mara 1.23 ya wasiotumia homoni. Waliotumia vidonge vya projestini pekee, mara 1.34. Kwa wasichana wa miaka 15 hadi 19 pengo lilipanuka hadi mara 1.8 na 2.2. Tusiikuze hesabu hii. Katika kila wanawake 100 waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja, walioanza dawa hizo walikuwa takriban 1.7 miongoni mwa wasiotumia homoni na 2.2 miongoni mwa watumiaji. Mwaka uliofuata, jaribio la Sweden liliwagawa wanawake 340 kwa bahati nasibu, wengine wakapewa vidonge vya homoni na wengine vidonge vitupu, bila wenyewe kujua wamepewa vipi. Baada ya miezi mitatu, waliotumia homoni walijihisi vibaya zaidi katika maisha yao kwa jumla, ingawa dalili za sonona hazikutofautiana kwa kiwango cha kuaminika. Kwa hiyo wanawake wengi hawadhuriki, na wachache huumia kwelikweli. Wastani huwafunika hao wachache.

Kwa nini waumie? Maelezo mojawapo yanaanzia kwenye projesteroni, homoni ambayo mwili wenyewe huitengeneza. Ikivunjwa mwilini hutoa alopregnanoloni, kemikali inayokwenda kwenye vipokezi vya GABA katika ubongo na kuutuliza. Medroksiprojesteroni, ambayo ndiyo dawa iliyomo kwenye sindano ya miezi mitatu, haigeuki kuwa kemikali hiyo. Na kwa kuwa sindano huzuia yai kupevuka, hata ile projesteroni ya asili hupungua. Hilo peke yake halithibitishi kwamba sindano huleta wasiwasi. Linatosha, hata hivyo, kutuzuia kumwambia mwanamke anayelalamika kwamba anajitungia.

Sasa tuuchukue uchunguzi wa Denmark hadi Ngaremara. Skovlund alihesabu vyeti vya dawa na utambuzi wa magonjwa ya akili hospitalini, vyote vikiwa vimehifadhiwa katika sajili za taifa. Mwanamke wa Ngaremara anayezidiwa na mawazo humwendea mama yake, mke mwenza au kanisa, na wengine hunyamaza. Hapati cheti cha dawa ambacho mtafiti angekihesabu. Tukitumia kipimo cha Copenhagen tutapata karibu na sifuri, na sifuri hiyo itasomwa kama usalama, ilhali imetokana na kipimo chenyewe. Hata dodoso za wasiwasi na sonona zilizokwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili hazitoshi, kwa kuwa nyumbani mwanamke huyu huongea Kiturkana, na uchungu wa ndani mtu huutaja kwa lugha aliyolelewa nayo.

Njia zenyewe pia ni tofauti. Utafiti wa Demografia na Afya wa Kenya wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 57 ya wanawake walioolewa hutumia njia za kisasa, na zinazoongoza ni sindano na vijiti, si vidonge. Tofauti hii ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Anayeona vidonge vinamvuruga huviacha leo. Mwenye kijiti huenda kutolewa, akimpata mhudumu mwenye ujuzi huo. Aliyedungwa miligramu 150 za medroksiprojesteroni hana wa kuzitoa. Atangoja ziishe, miezi mitatu au zaidi. Isitoshe, baadhi ya wanawake huipenda sindano kwa sababu haiachi alama wala pakiti nyumbani, na mume hajui. Siri hiyo humlinda. Lakini wasiwasi ukimvamia, hana wa kumweleza ulikoanzia.

Najua jibu litakalotolewa: mkiuliza maswali haya mtawatisha wanawake, nao wataacha kupanga uzazi. Hofu hiyo naiheshimu. Sensa ya 2019 ilikadiria vifo 355 vya uzazi kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai nchini Kenya, na mimba isiyotarajiwa ni mzigo mkubwa kwa nafsi ya mama, hasa pale ambapo maziwa yamekauka na mbuzi wamekwisha. Shirika la Afya Duniani halimzuii mwanamke mwenye sonona kutumia njia yoyote ya homoni, na sioni sababu ya kulipinga. Ila ruhusa ya kutumia haimwondolei mhudumu wajibu wa kusikiliza. Kinachowatisha wanawake ni uvumi, na uvumi hustawi pale ambapo aliyeumia aliambiwa hakuumia.

Wala haiwezi kusemwa kwamba utafiti wa namna hii hauwezekani Afrika. Jaribio la ECHO, lililotoa matokeo mwaka 2019, liliwashirikisha wanawake 7,829 wa Eswatini, Kenya, Afrika Kusini na Zambia, nalo liliuliza kama sindano huongeza hatari ya kuambukizwa VVU ikilinganishwa na koili ya shaba na kijiti. Halikupata tofauti kubwa. Swali hilo lilionekana kustahili fedha na miaka kwa sababu lilihusu VVU. Utulivu wa akili wa wanawake haohao haujapewa heshima ya namna hiyo, na naona hilo ni kosa la kimaadili kabla ya kuwa pengo la kisayansi.

Wakati utafiti huo unasubiriwa, kuna la kufanya zahanatini. Mama akirudi kwa sindano hupimwa uzito na shinikizo la damu, huulizwa hedhi, kisha hupewa tarehe. Liongezwe swali moja, kwa Kiturkana pale inapohitajika: usingizi na moyo wako vimekuwaje tangu ulipodungwa? Jibu liandikwe kwenye kadi. Akisema amevurugika, aelezwe kuhusu koili ya shaba isiyo na homoni, na aambiwe pia kwamba inaweza kuzidisha damu ya hedhi. Mhamasishaji wa afya ya jamii, anayelijua boma la mama huyo na njaa yake, anaweza kusaidia kutenganisha wasiwasi uliokuwapo kabla ya sindano na ule uliokuja nayo.

Bila swali hilo, mwanamke aliyeshindwa kuvumilia hafiki kliniki tarehe inapowadia. Rejista huandika kwamba hakurudi. Wanaokusanya takwimu wakimfikia baadaye, sababu yake hutupwa kwenye kapu moja la madhara na hofu za kiafya, pamoja na ya aliyeumwa kichwa.