Kukandwa hutuliza maumivu ya saratani, hakuondoi uvimbe

Kwa mgonjwa wa saratani aishiye Wundanyi, Mwatate au Taveta, safari ya kwenda kutibiwa kwa mionzi ni ndefu. Kutoka Voi pekee, Mombasa iko umbali wa kilomita 150 hivi, na Nairobi ni zaidi ya kilomita 300. Arejeapo nyumbani akiwa na maumivu, uchovu na wasiwasi, msaada ulio karibu mara nyingi huwa ni mikono ya jamaa au ya mkandaji wa kijijini.

Je, mikono hiyo yafaa? Yafaa, lakini kwa kiasi. Katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering mjini New York, wagonjwa 1,290 waliokandwa walieleza kuwa makali ya dalili zao yalipungua kwa karibu nusu, kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2004. Hata hivyo, hawakulinganishwa na wagonjwa ambao hawakukandwa. Utafiti mwingine wa mwaka 2008, uliohusisha wagonjwa 380 ambao saratani yao ilikuwa imekithiri, ulionyesha kuwa nafuu huja mara tu baada ya kukandwa lakini haidumu.

Mkono mpole hulegeza misuli iliyokaza na kupunguza wasiwasi. Mkono mzito, kwa upande mwingine, waweza kudhuru. Uvimbe wenyewe usikandwe, wala ngozi iliyochomwa na mionzi, wala kidonda cha upasuaji. Mfupa ulioingiliwa na saratani waweza kuvunjika. Mguu uliovimba ghafla na kuuma huenda una damu iliyoganda, na kuuchua kwaweza kuisukuma damu hiyo hadi mapafuni. Aidha, dawa za saratani huweza kupunguza chembe za kugandisha damu, hivyo mgonjwa akakandwa kwa nguvu na kuvilia damu.

Hatari kubwa zaidi ni kuchelewa. Mwanamke mwenye uvimbe kwenye titi akikandwa miezi kadhaa kwa dhana kuwa ni msuli, ugonjwa huzidi kuenea. Uvimbe wowote upimwe kwanza hospitalini, kwa mfano katika Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Voi.

Mgonjwa amweleze daktari wake kabla ya kukandwa, na asiache mofini wala dawa nyingine aliyoandikiwa. Mkandaji ni msaidizi wa tiba, si mbadala wake.